Nilimzika kwa Kinyozi

Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, kwa hivyo mkiona herufi imekaa mahali pa mwenzake mnisamehe. Niliachishwa shule na mbuzi. Baba alikuwa na mbuzi wengi na watoto wachache, mwalimu alikuwa na watoto wengi na hana mbuzi hata mmoja, wakazungumza wakaelewana. Tangu siku hiyo mbuzi ndiye kitabu changu. Nikimtia kidole mdomoni, macho nimefumba, nakuambia umri wake: huyu ana meno mawili, huyu manne, huyu mdomo umejaa, huyu ameanza kung'oka na anayekuuzia anakudanganya. Soko la mifugo hapa Isiolo wananijua kwa hicho kidole. Watu wawili wakibishana juu ya beberu, wananiita kwanza kabla hawajatukanana.

Lakini sikukaa chini niandike habari za mbuzi. Nimekaa kwa sababu ya mwanamke mmoja Mfilipino, msomi, aliyekuja mtaani kwetu Bulla Pesa kuniuliza jina la binti yangu, na mimi nikamwambia sina binti.

Majina sitayaandika. Sisi Wasamburu jina si kitu cha kutupatupa. Mtu akifa, jina lake linakaa kimya. Watu wa nyumbani kwake hawalitaji tena, na kama kuna wa karibu mwenye jina hilo hilo, anatafutiwa lingine. Ukilitaja ni kama umemwita, naye hawezi kuja, sasa unamsumbua bure. Na ukifiwa unanyoa kichwa. Hayo mawili, jina na kichwa, myashike, kwa sababu ndiyo yaliyoniharibia.

Asia yenyewe, anakotoka huyo msomi, sikuijua. Nilipokuwa kijana, Asia ilikuwa duka moja hapa mjini, la Mhindi mzee aliyeuza blanketi na shanga, akikaa juu ya stuli ndefu kututazama mikono. Baadaye wakaja Wachina wa barabara. Nilifanya kazi nao miezi kadhaa, kazi ya kushika kibendera, magari ya huku yasimame ya kule yapite. Msimamizi wetu alijua maneno matatu ya Kiswahili, haraka, kesho na hapana, na kwa maneno hayo matatu alijenga barabara mpaka ikafika mpaka wa Ethiopia. Siku moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa mtaro, anaangalia picha ya mtoto kwenye simu. Nikamwonyesha kwa mkono, amefika urefu gani? Akaweka mkono kiunoni. Akafikiri. Akaupandisha mpaka kifuani, halafu akaushusha tena katikati. Hakuwa anajua. Nilicheka sana siku hiyo, nikaenda kusimulia sokoni, nao wakacheka.

Kisha Asia ikawa mahali binti yangu alikokwenda. Msomi ndiye alinieleza kwamba Saudi nayo ni Asia. Mimi nilidhani ni Uarabuni, basi, mahali pake peke yake.

Ni mtoto wetu wa kwanza. Alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, akauza nguo kuukuu mbele ya ploti, huu ua wa vyumba tunavyopanga, akachoka. Akaja wakala mwenye viatu vya kung'aa, akasema huko ni kazi ya nyumba tu, kupika na kuosha, kitu ambacho wasichana wa hapa wanafanya kila siku bila hata kuambiwa asante. Mama yake hakutaka. Siku ya fomu aliketi ametupa mgongo, akichambua maharagwe yaliyokwisha chambuliwa. Fomu ilitaka mzazi mmoja aweke kidole. Niliweka mimi. Kidole kile kile cha mbuzi.

Akiwa huko alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, wenye nyumba wakitoka kwenda kutembea. Aliuliza habari za mvua, na za mbuzi mmoja mweupe aliyempenda, na kama jirani bado anagombana na mwenye ploti. Alisema analala kwenye stoo, kando ya mashine ya kufua nguo. Siku nyingine alisema wamechukua pasipoti yake waiweke. Nikasema vizuri, isipotee. Mnaona nilivyokuwa.

Halafu Ijumaa moja simu haikulia. Na iliyofuata. Tuliicharji ile simu mpaka ikawa inapata moto. Baada ya miezi mitatu mke wangu akaenda ofisi inayoshughulika na mambo ya wafanyakazi wa nje. Wakamwambia aliyetia kidole kwenye fomu aje mwenyewe, ataje jina la mtoto, aandikiwe maelezo, ndipo watafute. Nikasema nitaenda Jumatatu. Na kweli nilikuwa niende.

Ile wikendi kabla ya Jumatatu, sokoni, dalali mmoja tuliyezoeana aliniita kando, nyuma ya ua wa ng'ombe. Akavua kofia. Dalali yule simjui akivua kofia.

"Mzee, pole," akasema. "Kuna msichana wa Isiolo ameanguka kutoka ghorofani huko Saudi. Msamburu. Amekufa."

"Nani?"

"Jina sikuambiwa. Ni mrefu. Ana mwanya."

Binti yangu ni mrefu. Ana mwanya.

Sikulia. Nataka niseme ukweli hapa kwa sababu wengine wanaandika walivyolia. Mnajua mkikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, unaushika na unaona ni mguu wako lakini mkono hauamini? Ilikuwa hivyo, ila ilianzia shingoni. Nilirudi pale uani nikamalizia kumkagua mbuzi niliyekuwa nimemshika. Alikuwa wa meno sita. Nilimwambia mwenye mbuzi, meno sita, akalipwa, akaenda.

Kisha nikaenda kwa kinyozi, kile kibanda karibu na stendi ya bodaboda.

"Mzee, tupunguze?"

"Toa yote."

"Yote? Kuna msiba?"

"Kuna joto."

Akacheka kidogo, akatoa yote. Nywele zangu zilianguka sakafuni juu ya nywele za watu wengine, na akazifagia zote pamoja. Nilizitazama zikienda. Hayo ndiyo yalikuwa matanga yote.

Nyumbani mke wangu alinitazama mlangoni.

"Umenyoa."

"Joto."

"Joto la mwezi wa saba? Na huu upepo?"

"Basi ni chawa."

Alichukua mtungi akaenda kwenye mfereji. Nilijiambia sikumwambia kwa sababu namwonea huruma. Si kweli kabisa. Kumwambia kungetaka nilitaje lile jina, na kulitaja sikuweza tena, lilikuwa limeshalazwa. Nikaona nikikaa kimya, kimya kitafanya kazi yake chenyewe.

Sasa muone shida. Kwenda ofisini ni kulitaja. Kuuliza mtu kama ni yeye kweli aliyeanguka ni kulitaja. Kwa hivyo sikuuliza. Jumatatu nikasema kuna soko. Jumatatu nyingine goti. Jumatatu nyingine mbuzi wamefika kutoka Garbatulla na wamechoka. Mke wangu aliacha kuniambia Jumatatu.

Halafu kuna hili la pili. Mke wangu, kwenye ploti yetu na kanisani na sokoni kote, anaitwa Mama, halafu jina la binti. Ndivyo kila mwanamke anaitwa, kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo tangu siku aliyojifungua. Ningefanyaje? Nikaanza kumwita Mama kwa jina la mtoto wetu wa pili, kijana anayeendesha lori. Mara ya kwanza aliinua kichwa akaangalia nyuma yake, kama kuna mwanamke mwingine amesimama pale.

Jirani yetu, mama mmoja Mborana mwenye kibanda cha maziwa na mdomo usiolala, alisikia.

"Mzee! Umeoa mwingine na hatujaalikwa?"

Ploti nzima wakacheka. Mimi nikacheka. Mke wangu alikuwa anakamua nguo na hakuinua uso.

Tukaendelea hivyo. Nilikula, nililala, nilienda sokoni. Yule mbuzi mweupe alikufa na nikamchuna bila kuhisi chochote, kisu kilikata ngozi vizuri tu. Mvua ilikuja mwaka mmoja, mwaka mwingine ikapita mbali. Kijana wetu alioa, nikacheza kwenye harusi kwa sababu miguu inajua kucheza. Watu walisema mzee ana nguvu.

Ndipo akaja huyo msomi. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Mke wangu alikuwa mtaa wa Kiwanjani kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mimi nimekaa mlangoni nasuka kamba. Jirani Mborana anaosha vibuyu vyake vya maziwa pale kwenye mfereji. Akaingia mwanamke mfupi, mkoba mgongoni, viatu vimejaa vumbi, akasimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Shikamoo, mzee."

Nilishtuka. Shikamoo huku kwetu tunaisikia redioni. Nikatafuta jibu lake.

"Marahaba," nikasema, na jirani akacheka puani.

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, kimepigwa pasi. Alisema alifundishwa Nairobi na mwalimu wa Mombasa. Yeye ni mwalimu wa chuo kikuu kwao Ufilipino, na anaandika kitabu juu ya wanawake wa Asia wanaokwenda kufanya kazi katika nyumba za watu, Saudi na majirani zake. Mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Yeye alilelewa na nyanya yake na sauti ya simu.

"Vitabu vya hivi karibuni viko vingi," akasema. "Wasomi wenzangu wameandika jinsi serikali zetu zinavyowatuma wanawake nje kama mazao. Wakiondoka wanaitwa mashujaa, kuna hotuba. Wakirudi ndani ya sanduku, hakuna hotuba. Tumeandika sheria, tumeandika siasa. Lakini nilipowahoji hao wanawake, waliniambia, mbona mnaandika kama tulikuwa peke yetu? Jikoni kulikuwa na Mkenya."

Nikasema, "Hm."

"Mmoja aliniambia habari za Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya jirani. Anatoka mji unaoitwa Isiolo. Baba yake anajua umri wa mbuzi kwa kidole, macho yamefumbwa. Leo asubuhi nimeuliza sokoni. Wote wamenionyesha nyumba moja."

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nikaendelea kuisuka.

"Jina lake ninalo," akasema, "lakini siwezi kulisema mimi kwanza. Mahali pengine nililisema kwanza, mama mmoja akashika mkono wangu akasema ndiye, ndiye binti yangu. Hakuwa yeye. Alitaka tu awe yeye. Tangu hapo mzazi anasema kwanza. Mzee, binti yako anaitwaje?"

Mfereji ulikuwa unatiririka. Jirani alikuwa ameacha kusugua kibuyu. Mimi nilikuwa natazama viatu vya yule mwanamke, nikifikiri ametembea kutoka sokoni kwa miguu, mbona hakupanda boda.

"Sina binti," nikasema. "Nina mmoja tu, wa kiume. Ni dereva."

Alitazama kidole changu. Hakubishana. Alisema samahani kwa kukusumbua, mzee, akaandika namba yake kwenye karatasi, akasema anaondoka kesho asubuhi, akaenda. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nikasuka mafundo mengine matatu.

Jirani akasimama mbele yangu, mikono inadondosha maji.

"Wallahi, mzee."

"Hayo si mambo yako."

"Yangu ni gani basi? Haya maji? Huyo mtoto nilimbeba mgongoni mama yake akiwa mgonjwa! Sina binti! Ulimi wako haukukatika?"

Akavuta buibui, akaacha vibuyu pale pale, akaita boda kwa sauti ya kuamsha mtaa, akaenda Kiwanjani.

Kabla ya saa sita mchana mke wangu aliingia na msomi amemshika mkono. Walimpata kwenye hoteli ya chai karibu na stendi, hajamaliza hata chapati. Jirani alikuja nyuma yao akakaa kwenye kizingiti chake, mahali pa kusikia kila kitu.

"Mgeni, kaa hapa," mke wangu akasema. "Wewe nawe, kaa."

Nilikuwa nimekaa tayari. Nikakaa vizuri zaidi.

"Nimeshamwambia jina," akasema. "Nimemwambia njiani, kabla hata hajaniuliza. Ni yeye." Kisha akamgeukia mgeni, akanionyesha kwa kidevu. "Huyu unayemwona alimzika mtoto wangu kwa kinyozi."

Msomi hakuelewa. Mke wangu akamweleza, yale ya jina na kichwa, polepole, kama anayemfundisha mtu kuwasha jiko. Wakati wote huo hakunitazama.

"Ulijua?" nikauliza.

"Nilijua siku ile ile. Miaka hii yote nakuona ukinyoa ukifiwa, leo uniambie joto? Nikangoja uniambie. Nikasema atasema Jumapili. Nikasema labda ana barua ameificha. Nimepekua koti lako mara ngapi sijui, hakuna barua. Ulikuwa na nini? Nani alikuambia?"

"Dalali."

"Nani?"

"Dalali wa sokoni. Alisema msichana mrefu, ana mwanya."

Kisha akacheka, kicheko kifupi kibaya.

"Dalali. Wewe hujawahi kumwamini dalali hata siku moja juu ya meno ya mbuzi, unamtia mbuzi kidole mwenyewe. Juu ya mtoto wako ukamwamini!"

Nimefikiri sana juu ya hilo, na jibu ninalopata ni kwamba kumwamini kulikuwa rahisi. Kungoja Ijumaa ndiko kulikuwa kazi.

"Na wewe mbona hukuniuliza?" nikamwambia, kwa sababu mtu akikamatwa lazima arushe kitu.

"Kwa sababu ungejibu," akasema. "Ungejibu, nami ningesikia kwa mdomo wako. Wewe ukinyamaza mimi mtoto wangu yuko."

Msomi alitoa karatasi zilizofungwa pamoja, akasema hiki ndicho kitabu, bado hakijachapishwa. Akafunua ukurasa. Maneno yamejaa, na chini kabisa, chini ya mstari, kuna maneno mengine madogo kama sisimizi. Akaweka kidole hapo. Binti yangu alikuwa hapo chini, kwenye sisimizi.

"Hili si jina lake," mke wangu akasema. Yeye anasoma vizuri.

"Ni jina la kumficha," msomi akasema. "Wote nimewapa majina mengine. Mwajiri akisoma asimjue."

Kisha akatusimulia. Majumba mawili marefu yamekaribiana sana, dirisha la jikoni la huku linatazama dirisha la jikoni la kule, katikati ni nafasi ya kupitisha hewa, mkono haufiki. Yule Mfilipino upande mmoja, binti yetu upande wa pili. Walifunga kamba kutoka dirisha mpaka dirisha wakawa wanavuta mfuko wa plastiki. Mkate unakwenda, dawa ya kichwa inarudi. Nyumba za jirani nazo zikaingia, mmoja kutoka Nepali, mmoja kutoka Sri Lanka, kila mmoja na kamba yake. Simu walikuwa wamenyang'anywa, kwa hivyo kwa mifuko hiyo walipashana habari, nani amenyimwa mshahara, nani amefungiwa, ofisi gani inasikiliza. Msomi alisema wasomi wenzake wanauliza wanawake waliofungiwa ndani wanawezaje kuwa na chama, na jibu lake ni hiyo mifuko.

"Na huyo Mkenya," akasema, "alikuwa anawachekesha. Alisema mwenye nyumba wake anasema ana miaka arobaini, lakini yeye amemwangalia mdomo akila, amejaa na ameanza kung'oka. Walicheka mpaka wakaziba midomo na taulo."

Jirani alicheka kule kizingitini, halafu akaanza kulia. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mimi nilijua ni mtoto wangu. Hakuna mwingine angesema hivyo. Nilijua kama ninavyojua mbuzi, na bado mguu ulikuwa umekufa ganzi.

"Ilikuwa lini hiyo?" nikauliza.

"Ramadhani. Ndiyo maana walikuwa wanapika sana, jikoni muda mrefu."

"Ramadhani gani?"

"Ya mwaka jana."

Nilinyoa mwezi wa saba wa mwaka juzi. Nilirudia kichwani, taratibu, nisije nikakosea. Ilitoka vile vile. Wakati mimi nimeshamlaza kimya, nimeshakula na kulala, yeye alikuwa dirishani anacheka na taulo mdomoni. Yule aliyeanguka alikuwa wa mtu mwingine. Kuna nyumba nyingine ya Wasamburu mahali fulani iliyokuwa inanyoa kwa haki, na mimi niliwaibia msiba wao.

"Na sasa?" mke wangu akasema. "Sasa yuko wapi?"

Msomi akafunga karatasi zake.

"Baada ya Idi lile dirisha lilifungwa kwa mbao. Mwenzake hakumwona tena. Labda familia ilihama. Labda alipelekwa nyumba nyingine. Mama, siwezi kukuambia yuko hai leo. Naweza kukuambia alikuwa hai siku ile."

Alisema kuna chama cha wafanyakazi wa nyumba kule, cha hao hao waliotoka kwenye nyumba za watu wakabaki kusaidia wengine, na kinatafuta watu. Wanaomba sauti ya aliyetia kidole kwenye fomu, aseme yeye ni nani na anamtafuta nani. Na ofisi yetu hapa inataka hilo hilo tangu zamani. Akatoa kinasa sauti kidogo, kama kiberiti, akakiweka juu ya stuli mbele yangu.

"Sema, mzee, mimi ni baba wa fulani, namtafuta binti yangu."

Taa nyekundu ikawaka. Wanawake watatu wakanitazama. Nilifungua mdomo na hakukutoka kitu. Si machozi, si huzuni, msifikiri hivyo. Ni kama kutafuta neno la lugha uliyoiacha utotoni.

"Sema," mke wangu akasema.

"Mimi ni baba wa," nikasema, nikaishia hapo.

"Ulimwekea kidole akaenda. Mwekee na mdomo arudi."

Nikalisema. Lilitoka kavu, kama ninavyosoma alama ya masikio ya mbuzi kwa karani. Nilingoja nisikie kitu kifuani. Sikusikia. Jiko la jirani lilikuwa linanuka maziwa yaliyoungua.

"Tena," mke wangu akasema. "Hilo hata sokoni hawangesikia."

Nikalisema tena, kwa nguvu. Kuku wakatawanyika. Msomi akabonyeza, taa ikazima. Akasema asante.

Jumatatu nilienda ofisini. Karani hakuinua macho, akaniuliza jina la mtoto, nikalitaja, akaniambia nirudie herufi moja moja, nikarudia zile ninazozijua na mke wangu akamalizia. Tumeenda mara nyingine nyingi tangu hapo. Msomi amerudi kwao, anatuma ujumbe kwa mke wangu, mpaka sasa ni ule ule, wanaendelea kutafuta. Wamepata lile jengo. Watu wa nyumba ile ni wengine.

Nilitaka kuliandika jina hapa, mara hii nilikuwa tayari. Msomi ndiye amekataa. Anasema kama yuko hai na mwajiri akalisoma, atateseka yeye. Kwa hivyo mmelikosa, na mjue sababu ni hiyo, si ile ya kwanza.

Nywele zimeota, nyeupe zote. Nimeacha kumwita mke wangu kwa jina la kijana wetu. Kila asubuhi nikitaka chai au koti namwita kama zamani, Mama wa yule wa kwanza, kwa sauti, ploti nzima inasikia. Haitiki. Wengine wakimwita hivyo anaitika mara moja, hata watoto wa shule wanaopita. Mimi nikiita anaendelea na kazi yake. Mpaka jirani anachoka, anatoa kichwa kwenye kibanda cha maziwa.

"Mama! Si unaitwa na mzee?"

"Nimesikia," anasema mke wangu. "Aite tena."